Je, Yafaa Kunena Habari za Wengi kwa Kuona Wachache?

Katika Katekisimo Ndogo twajifunza tangu utoto kwamba amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu twadhani kwamba amri hii ni ya masengenyo tu, na ya kesi zinazoamuliwa mbele ya hakimu. Lakini hesabu nayo ni ushuhuda. Mtu asemaye, "Wako mia tatu," ameshuhudia. Na kama hakuwaona, wala hakuwa na njia ya haki ya kuwajua, ushuhuda wake haufai, ijapokuwa hakumtaja mtu kwa jina. Basi leo twataka kuuliza swali moja: Mtu aliyeona wachache, je, aweza kunena habari za wengi bila kuivunja amri?

Swali hili latuhusu sote. Kila mwisho wa mwaka wazee na wainjilisti huandika hesabu za usharika, na wakubwa huamua mambo kwa hesabu hizo. Tena, zaidi ya hesabu za daftari, kila siku twasikia watu wakisema, "Vijana wa siku hizi hawasali," au, "Watu wa kijiji kile ni walevi," nao wameona watano au sita. Ili tulifikiri neno hili vema, tumeona yafaa kuwatazama watu ambao kazi yao ni kuwahesabu wasiohesabika: ndio wenye elimu ya viumbe vya porini, wanaopima wingi wa wanyama na miti na wadudu, na wingi wa aina zao, ambao siku hizi huitwa bioanuwai.

Labda wako watakaosema kwamba kuhesabu kwenyewe ni dhambi, wakikumbuka habari ya mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 24, jinsi alivyowahesabu watu, tauni ikaijia nchi. Lakini kitabu cha Hesabu chaanza na Mungu mwenyewe kumwagiza Musa awahesabu wana wa Israeli. Basi tofauti haiko katika kuhesabu, bali katika nia. Daudi alihesabu wenye kushika upanga, apate kuutegemea wingi wao. Yule mchungaji wa mfano wa Bwana wetu, katika Luka mlango wa 15, alihesabu pia, naye hangalimjua kondoo aliyepotea kama asingalihesabu. Kuhesabu kwa kujivuna ni jambo moja, na kuhesabu kwa kutunza ni jambo jingine. Mwanadamu alipewa bustani aitunze. Naye atakitunzaje asichokijua?

Walakini mchungaji yule alikuwa na faida moja kubwa. Alijua tangu mwanzo kwamba kondoo wake ni mia, hata walipopatikana tisini na kenda alijua mara moja kwamba mmoja hayupo. Mwenye kuhesabu wanyama wa mwituni hakupewa jumla na mtu yeyote. Swala hawana daftari la ubatizo. Wanyama wengine hulala mchana, wengine hukaa chini ya ardhi, wengine hukimbia wasikiapo mguu wa mtu. Jumla yao iko kwa Muumba peke yake.

Na tuwatazame nyumbu wa Serengeti. Mwaka 1958 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga zile katika ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakahesabu nyumbu 99,481. Michael alikufa katika kazi hiyo Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Waliohesabu mwaka 1961 walipata nyumbu kama 263,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na ndama wengi huliwa au hufa. Kwa hiyo ni vigumu kuamini ya kuwa waliongezeka kiasi hicho kwa kuzaa tu katika miaka mitatu. Hatuna budi kudhani kwamba wengi hawakuonekana mara ya kwanza. Basi tazameni: ile hesabu iliyoandikwa mpaka mnyama wa mwisho yaonekana kuwa kamili, nayo huenda ilikuwa mbali na kweli kuliko neno la mtu ambaye angalisema, "Wako kati ya laki moja na laki tatu." Kumbe tarakimu nyingi si ukweli mwingi.

Hatusemi hivi ili kuwadharau wale wawili, maana walifungua njia kwa jasho, na mmoja kwa uhai wake. Waliofuata walijifunza kuruka kwa mistari iliyopimwa, kupiga picha kutoka juu, kuwahesabu wanyama katika picha kwa utulivu, na kuikadiria mbuga nzima kwa sehemu zile walizozipiga. Hivyo ilijulikana kwamba sotoka ilipokoma, kwa kuwa ng'ombe wa jirani walichanjwa, nyumbu waliongezeka sana, hata ilipofika mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja. Pasipo hesabu, nani angalijua kwamba dawa ya ng'ombe imeliponya na pori?

Sasa na tuone njia zao, maana ndani yake mna mafundisho.

Kwanza, wamejifunza kwamba jicho lililozoea si shahidi wa kutosha. Wamarekani wawili, Roscoe Pound na Frederic Clements, walikuwa wakichunguza mimea ya nchi ya Nebraska. Walikuwa wameitembea nchi ile, nao walidhani kwamba kwa kutazama tu wajua ni mimea ipi iliyo mingi na ipi iliyo haba. Mwaka 1898 walitangaza njia nyingine: walipima miraba juu ya ardhi, kila upande mita 5, wakahesabu mche mmoja mmoja uliomo ndani. Ndipo walipoona kwamba makadirio ya macho yao yalikuwa yamewapoteza. Wala si ajabu, maana jicho hushikwa na kilicho kirefu na chenye rangi, na kile kilicho karibu na njia, nacho kidogo kinyamazacho hulipita. Huyo Pound baadaye akawa mwanasheria mkuu wa sifa, akaongoza chuo cha sheria cha Harvard tangu mwaka 1916 hata 1936. Nasi twaona kwamba somo lile la majani lamfaa sana mtu apimaye ushuhuda.

Lakini mraba uwekwe wapi? Mtu akiachiwa achague, atauweka penye majani mazuri, au mahali asipochoka kufika. Kwa sababu hiyo wenye elimu hupiga kura: huigawanya ramani katika sehemu, na kura ndiyo iamuayo ni sehemu zipi zitakazopimwa, hata kama moja iko bondeni penye matope na nyingine juu ya jabali. Sisi twakumbuka jinsi mitume walivyopiga kura ili kupata wa kukishika cheo cha Yuda, ikamwangukia Mathiya. Kura ya wenye elimu si sala, tusizichanganye. Lakini zafanana katika neno moja, kwamba kura humnyang'anya mtu uwezo wa kuchagua linalompendeza.

Pili, wana njia ya alama. Mdenmaki C. G. J. Petersen aliwatia alama samaki wa bahari ya kwao, akaandika habari zake mwaka 1896. Na mwaka 1930 Mmarekani Frederick Lincoln alitumia pete za miguuni kuwakadiria mabata ya mwitu. Njia yenyewe ni nyepesi kuielewa. Tuseme twataka kujua samaki wa bwawa moja. Twavua 100, twawatia alama ndogo isiyowaumiza, twawarudisha majini. Baada ya siku chache twavua tena 80, na katika hao twakuta 20 wenye alama. Basi wenye alama ni robo ya samaki tuliowavua. Na kama ni robo ya hao, yapata kuwa ni robo ya wote. Robo ni 100, kwa hiyo wote ni kama 400, nasi hatukulikausha bwawa.

Lakini tuangalie yale yanayodaiwa ili jibu hili liwe kweli. Lazima alama zisianguke. Lazima wenye alama wachanganyike na wenzao. Lazima pasiwepo waliozaliwa, wala waliokufa, wala walioingia au kutoka katikati ya siku zile. Tena lazima samaki aliyevuliwa asijifunze kuuogopa wavu. Maana akiuogopa, tutawakuta wenye alama wachache, nasi tutadhani kwamba bwawa lina samaki wengi kuliko walivyo. Mwenye elimu aliye mwaminifu huyaandika masharti haya yote pamoja na jibu lake. Hasemi, "Wako 400," akanyamaza. Husema, "Ikiwa mambo haya ni hivi na hivi, wako kama 400, labda wapungue kufika kiasi hiki, labda wazidi kufika kiasi hiki." Watu wengine humcheka, wakidhani hajui kazi yake. Kinyume chake, yeye amesema kweli yote aliyo nayo, wala hakuongeza.

Tatu, nalo ndilo lililotushangaza kuliko yote, wamejifunza kuwasikiliza walioonekana mara moja tu. Mwingereza A. S. Corbet alikusanya vipepeo katika nchi ya Malaya. Alipozipanga aina zake aliona kwamba aina 118 alizipata mara moja tu, aina 74 mara mbili, aina 44 mara tatu, aina 24 mara nne, na kuendelea. Akamwuliza bingwa wa hesabu, R. A. Fisher: Nikirudi kule nikakusanya kwa muda ule ule tena, nitapata aina ngapi mpya? Wao wawili, pamoja na C. B. Williams, waliandika jibu lao mwaka 1943, na jibu lilikuwa kama 75. Mtu atauliza, awezaje kusema habari ya asichokiona? Sababu ni hii. Kama kila aina ingalionekana mara nyingi, tungaliamini kwamba zote zimekwisha kuonekana. Lakini zikiwa nyingi zilizonaswa mara moja tu, kama kwa bahati, ni dhahiri kwamba ziko nyingine ambazo bahati hiyo haikuzifikia. Walioonekana mara moja ni mashahidi wa wasioonekana kamwe. Mwaka 1984 Anne Chao wa Taiwan alitoa kanuni nyingine kwa wazo hilo hilo, ya kukadiria uchache wa waliobaki gizani kwa kuwalinganisha walioonekana mara moja na walioonekana mara mbili. Nayo yatumika mpaka leo.

Hapa hatuwezi kumpita nabii Eliya. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, alimlalamikia Mungu kwamba amesalia peke yake. Alikuwa mtu wa kweli, wala hakutaka kudanganya; lakini alihesabu kwa macho yake, tena macho ya mtu aliyechoka na kuogopa. Mungu akamjulisha kwamba wako elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Elfu saba, naye hakumwona hata mmoja. Hata nabii basi aweza kudhani kwamba asiyemwona hayupo.

Nne, wamejifunza kwamba idadi ya aina peke yake haitoshi. Tuseme misitu miwili ina miti mia mia, na kila mmoja una aina kumi. Katika wa kwanza kila aina ina miti kumi. Katika wa pili aina moja ina miti 91, na zile tisa zina mti mmoja mmoja. Katika daftari misitu hii ni sawa, kumi na kumi. Lakini aingiaye ndani aona kwamba wa pili ni karibu shamba la mti mmoja. Mwingereza E. H. Simpson alitoa kipimo chake mwaka 1949: tuchague miti miwili kwa kura, tuulize, yawezekana mara ngapi kwamba yote miwili ni ya aina moja? Katika msitu wa kwanza ni kama mara 9 katika 100. Katika wa pili ni kama mara 83. Aina tisa ziko, lakini ziko kwa uzi. Shoka moja la siku moja laweza kuzimaliza.

Wala mambo haya si mchezo wa hesabu. Katika bonde la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 walipatikana vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wazaao watoto walio hai, waliokaa penye manyunyu ya maporomoko tu, mahali padogo kuliko mashamba ya kijiji kimoja. Maji ya mto yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakapungua. Na ijapokuwa watu waliwawekea manyunyu ya mabomba, ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliwashika. Juni 2003 walikadiriwa kuwa kama 20,000; Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Hata hivyo wenye elimu hawakutangaza mara hiyo kwamba wamekwisha. Walitafuta tena na tena, maana walijua kwamba kutokuona si kutokuwapo, na ni mwaka 2009 tu ilipotangazwa kwamba wametoweka porini. Lakini kwa kuwa walikuwa wamehesabiwa na kuangaliwa mapema, vyura 499 walikuwa wamekwisha kupelekwa Marekani wakatunzwe, na mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi.

Na kule Rungwe watafiti walisikia wawindaji wakimtaja kima mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji. Vitabu vyote vya wenye elimu havikuwa naye. Mwaka 2003 walimwona kwa macho, na mwaka uliofuata wengine wakamwona Udzungwa bila kujua habari za wenzao. Mwaka 2005 akaandikwa. Baadaye makundi yake yalihesabiwa, wakapata jumla ya 1,117. Basi mtu asikose kuwauliza wenyeji. Wako wasio katika daftari letu, na jirani zao wawajua kwa jina.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, yafaa kunena habari za wengi kwa kuona wachache? Twajibu: Yafaa, wala si uongo, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, tuseme tulitazama wapi na kwa njia gani, na mahali hapo pasiwe pale palipotupendeza. La pili, tuseme shaka yetu ni pana kiasi gani, tusiifiche ili tuonekane wenye maarifa. La tatu, tusiipinde hesabu kwa ajili ya yule atakayeisoma. Maana majaribu hayakosekani. Yuko atakaye wanyama waonekane wengi, apate kibali cha kuwinda; yuko atakaye waonekane wachache, apate msaada wa fedha. Yeye aipindaye hesabu amewashuhudia uongo viumbe wasio na kinywa cha kujitetea, na jirani zake pia, ambao watoto wao watairithi nchi iliyoharibiwa kwa uongo huo.

Kwa sharika zetu mambo haya ni wazi. Mwinjilisti ahesabuye watu siku ya Krismasi, kisha akaandika kwamba ndio wanaosali kila Jumapili, ameuweka mraba wake penye maua. Ahesabuye siku ya mvua kubwa, ili aonyeshe kwamba kazi ni ngumu, amefanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Tena mzee akiona katika daftari wengi waliofika mara moja tu, asidhani kwamba amekwisha kuwajua watu wote wa mtaa. Hao wa mara moja wamwambia kwamba nyuma yao wako wengine ambao hajawaona kamwe: mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, mchunga ng'ombe, mjane aonaye haya kwa nguo zake. Awaulize jirani, kama wale watafiti walivyowauliza wawindaji wa Rungwe.

Bado liko neno moja, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Hesabu ya wengi, hata ikiwa ya haki kabisa, hainenei habari za mmoja. Tukijua kwa njia njema kwamba katika kijiji fulani watu sitini katika mia ni walevi, tumejua habari ya kijiji. Hatujajua neno lolote juu ya mtu huyu anayebisha hodi mlangoni. Huenda ni wa sitini, huenda ni wa arobaini. Mwenye elimu hujua hivyo: akisema kwamba robo ya samaki wana alama, hajui samaki mmoja aliye majini kama ana alama au hana, mpaka amshike mkononi. Basi kwa nini sisi twamhukumu kijana kwa sababu ya kabila lake, au binti kwa sababu ya nyumba alimozaliwa? Hapo ndipo makadirio yageukapo kuwa ushuhuda wa uongo, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Kwa hiyo, ndugu, tuhesabu kama watunzaji, tuandike kama mashahidi, na tuache nafasi katika daftari kwa ajili ya wale tusiowaona. Jumla ya vyura wa bondeni, na ya nyumbu wa mbugani, na ya watu wa Bwana katika kila mtaa, yajulikana kwake yeye aliyewaumba. Sisi tumepewa sehemu tu. Nayo sehemu yetu tuiseme kwa kweli.